Koleo Lililopima Mkono wa Martini

Martini alizaliwa Rhotia, shamba lililo chini ya letu. Tangu utoto aliniita baba. Akasoma, akarudi tabibu, akapasua watu miaka mingi hapa Karatu. Mwaka 2004 alimpasua hata mke wangu, Antonia, utumbo ulipojisokota. Baada ya siku chache mshono wa ndani ukaachia. Antonia akafa. Siku ya maziko nilimkataza Martini kuniita baba.

Tangu hapo hakushika kisu. Watu walisema mkono wake mzito. Na mimi nilisema.

Mwaka 2006 wageni watafiti walileta hospitalini koleo la kushikia sindano, lina nyaya. Ukishona nalo, kompyuta inaonyesha umebana kwa nguvu gani na mkono umekwendaje. Walikuwa wanalijaribu, kama kweli linaweza kumtofautisha fundi na mwanafunzi. Siku ya kwanza wanafunzi walishona utumbo wa mbuzi. Siku ya pili ikawa zamu ya Martini, kama fundi. Mbuzi walitoka kwangu, nikakaa kuangalia. Nilitaka koleo liniambie kama mkono ule ndio ulimuua mke wangu.

Martini akashona. Mstari wa nguvu kwenye kompyuta ukapanda kuliko wa wanafunzi wote.

"Anabana sana," mgeni akasema.

Martini akaweka koleo chini. "Mzee Hhando, umesikia."

Nilisikia. Raha niliyoingojea haikuja.

Leonida, mpishi wa hospitali, aliingia kufuata sufuria yake. Akaubonyeza ule utumbo. "Heee! Mnashona supu yangu?"

"Supu gani, dada?" mgeni akauliza.

"Si mlinituma niusafishe? Nimeumwagia maji ya moto, nikaukwangua, kama siku zote. Huo umeshakaza. Sindano itapita wapi?"

Wa jana, wa wanafunzi, ulikuwa mbichi. Mgeni alicheka. Martini hakucheka.

Nikachinja mwingine. Utumbo wake ukaoshwa kwa maji baridi. Martini akashona tena, na mstari ukalala chini kabisa.

"Mkono mwepesi kuliko wote," mgeni akasema.

Martini akamuuliza, "Linaweza kusema la mwaka juzi?"

"Hapana. Linapima mkono wa leo tu."

Nje Martini akanisogelea. "Kuna mama ameletwa kutoka Olbalbal, tumbo limefunga. Wananitaka nimpasue. Unasemaje, baba?"

Nikaokota ngozi za mbuzi wangu.

"Kampasue. Ila baba usiniite bado."

Akaenda. Nikarudi Rhotia na ngozi zangu begani. Njia nzima nilitafuta wa kumlaumu, nikamkosa.