Kiswahili cha Mama

Jirani yangu, mama mmoja aliyetoa riwaya yake ya kwanza mwaka huu, huandika asubuhi nyuma ya nyumba, sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikichemka kando yake. Kila sentensi huisoma kwa sauti, mwiko mkononi. Ikimkwama mdomoni, huifuta. Lakini tangu vitabu vifike kwa lori, kalamu yake ina kazi nyingine. Hufungua nakala mojamoja, ukurasa uleule, akaandika kitu. Mimi nilidhani anatia sahihi, kama waandishi wenye jina.

Jana nilienda kununua yangu. "Ngoja kwanza, papa, hii ingali mugonjwa," akaniambia. Kumbe mchapishaji alikuwa amenyoosha maneno ya marehemu mama wa jirani yangu, pale anapomtafuta binti yake siku ya kukimbia vita kule kwao Djugu. "Wameandika 'Mwanangu, uko wapi?' Mama hakusemaka vile." Akakata mstari, akaandika juu yake, akapuliza wino ukauke. "Soma sasa."

Nikasoma kwa sauti: "Mutoto yangu, weye iko wapi?"

Alikuwa ameshainamia sufuria yake. "Niko hapa, mama," akajibu.