Santuri za Mtu Mwingine

Mke wangu alinisomea ujumbe ule asubuhi, chai ikiwa bado mezani, kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya saruji. Mwanamume mmoja aliyemfahamu Bujumbura, kabla mimi na yeye hatujajuana, alikuwa anakuja Kigali kwenye harusi ya mpwa wake. Alisalimu, akauliza habari za afya, kisha akauliza kama zile santuri zake bado zipo.

"Santuri zipi?" nikauliza.

"Zile za kwenye sanduku."

Nyumbani kwetu Gahanga, pembezoni mwa Kigali, kuna sanduku moja tu la santuri. Nimelibeba kwa mikono yangu kila tulipohama, kutoka nyumba ya kupanga hadi nyingine, mpaka tulipojenga. Nimelipangusa vumbi. Miaka yote hiyo nilijua ni mali ya marehemu baba mkwe. Tulipooana, niliuza baiskeli yangu nikamnunulia mke wangu mashine ya kupigia santuri, ili awe anamkumbuka baba yake.

"Si uliniambia ni za baba yako?"

"Sikusema za baba. Nilisema zimetoka nyumbani."

"Na huyu ni nani?"

Alikusanya vikombe. "Alikuwa anataka kunioa. Akaenda kusoma Ulaya, akaniachia sanduku nimtunzie. Halafu akaoa hukohuko."

Akaenda jikoni. Ujumbe alikuwa ameshaujibu: ndiyo, zipo.

Jioni alinijia sebuleni. "Sheri," akasema. Huniita hivyo, mpenzi kwa Kifaransa, akitaka kitu. "Kabla hajafika, huwezi kuziingiza kwenye kompyuta? Yeye achukue santuri zake, mimi nibaki na muziki."

Ningekataa, angejua ninaona wivu. Nina mvi kichwa kizima, na binti yetu ana watoto. Nikasema hilo ni jambo dogo.

Kumbe si dogo. Kwanza nilichukua waya wa mashine nikauchomeka moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta. Sauti ikatoka upande mmoja tu, nzito, imekwaruzika, kama mtu anaimba ameziba mdomo kwa blanketi. Nikasoma mtandaoni, nikaelewa kwamba sauti inayotoka kwenye sindano ni ndogo mno, inahitaji kukuzwa kabla ya kufika kwenye kompyuta. Nikashuka Kimisagara, kwenye vibanda vya mafundi wa redio, nikarudi na kisanduku kidogo chenye waya wa USB kinachofanya kazi hiyo.

Nikaunganisha tena. Safari hii muziki ulitoka pande zote mbili, lakini chini yake kulikuwa na mvumo, kama friji iliyochoka. Nikahangaika nao siku nzima. Mwishowe nikaona waya mwembamba umening'inia nyuma ya mashine, haujafungwa popote. Ni waya wa ethi, ule wa kutuliza umeme unaoleta mvumo. Nikaufunga kwenye skrubu ya kile kisanduku, mvumo ukakatika papo hapo. Nilifurahi mpaka nikamwita mke wangu aje asikie.

Alikuja, akasimama mlangoni na taulo mkononi. Rumba ilikuwa inapigwa.

"Disi!" akasema.

Hilo ni neno ambalo mtu wa hapa hulitoa kwa kitu anachokihurumia na kukipenda kwa pamoja. Huwa analisema kwa wajukuu. Furaha yangu ikaishia pale.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba santuri haiharakishwi. Ukitaka kuirekodi lazima uipige yote, kwa mwendo wake, nawe ukae karibu uangalie sauti isizidi, kisha uinue sindano upande unapoisha na kugeuza. Kwa hiyo nikakaa. Wiki nzima nilikaa kwenye kiti nikisikiliza nyimbo ambazo mwanamume mwingine alizichagua ili ampendeze mke wangu. Na yeye alileta sinia lake la maharage, akawa anachambua hapohapo karibu nami. Wimbo ukiisha, katika kile kimya kifupi kabla ya wimbo unaofuata, alianza kuimba unaofuata. Hakukosea hata mara moja.

Katika santuri moja, sindano iliruka katikati ya ubeti. Mke wangu akaruka nayo. Aliacha maneno yaleyale yaliyoachwa na sindano, akaendelea kuimba bila kuinua uso kutoka kwenye maharage.

"Unajua inaporuka?"

"Inaruka tangu zamani."

"Tangu lini?"

"Tangu kule. Tulikuwa tunacheza, tukaigonga meza."

Tulikuwa. Neno hilo nililala nalo.

Kesho yake alipokwenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, nilifungua programu ya kompyuta nikautengeneza ule wimbo. Mwimbaji alirudia ubeti uleule mwishoni, kwa hiyo nilikata kipande cha pale nikakibandika kwenye pengo. Ilinichukua muda mrefu. Nilipomaliza hakuna mtu angejua kwamba pale paliwahi kuwa na kosa.

Yeye alijua. Alivaa spika za masikioni, akasikiliza, na pale akakunja uso.

"Umefanya nini hapa?"

"Nimeurekebisha."

"Nani alikuambia umeharibika?"

"Unaruka!"

"Uache uruke. Urudishe kama ulivyokuwa."

"Ili umkumbuke?"

Akavua zile spika, akaziweka mezani polepole. "Nilimpenda," akasema. "Unataka niseme sikumpenda? Nilikuwa msichana, na alikuwa anajua kucheza. Halafu akaniandikia karatasi moja, basi. Hizo santuri nilitaka kuzivunja. Mama akanizuia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuja na ile mashine umeibeba kichwani, unatoka jasho, unacheka kama mtoto. Ukasema, 'Sasa utamsikia baba yako.' Ningekuambia vipi wakati ule? Na baada ya wakati ule, ningeanzia wapi?"

Niliurudisha wimbo kama ulivyokuwa. Lakini wivu haukutoka kwa sababu tu alikuwa na haki.

Yule bwana alifika siku moja baada ya harusi. Nilikuwa nimemtengeneza kichwani mtu mrefu, mwenye mabega. Aliyeshuka kwenye teksi alikuwa mfupi, mwenye tumbo, nywele zimepakwa rangi, na goti moja halikunjiki vizuri. Mke wangu alikuwa amevaa kitenge cha sikukuu. Nilikiona, naye aliona kwamba nimekiona.

Tulimpa fanta na sambusa. Aliniita ndugu, akasifu nyumba. Alipofungua sanduku, alitoa santuri moja moja akizisoma kwa mbali, na nyingi hakuzikumbuka. Mke wangu akaniomba nimpigie ile inayoruka. Nikaipiga. Sindano ilipofika pale iliruka, na wote wawili wakaruka nayo, kwa mdomo mmoja, kisha wakapasuka kicheko.

"Iko inaruka bado!" akasema yule bwana, anafuta machozi.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mashine, mkono juu ya kifuniko. Sijawahi kujiona mgeni nyumbani kwangu isipokuwa dakika ile.

"Sasa utazipigia wapi?" mke wangu akamuuliza. "Unayo mashine?"

"Oya, hapana, sina. Kijana wangu anafungua baa kule Bujumbura. Anataka kuzipigilia ukutani, ni mapambo. Siku hizi vijana wanapenda vitu vya zamani."

Mke wangu alizirudisha santuri kwenye sanduku, akalifunga kwa kamba, fundo juu ya fundo. "Haya, zichukue," akasema. Sauti yake ilikuwa ileile ya kusoma bei ya saruji.

Nilimsindikiza mwenyewe hadi kituo cha mabasi cha Nyabugogo, sanduku likiwa kwenye mapaja yangu. Nilipaswa kufurahi kwamba linaondoka. Badala yake nilimkasirikia. Miaka yote hiyo mke wangu amelitunza, na yeye anakwenda kuzitoboa santuri kwa misumari.

Wiki iliyopita yule bwana alituma picha. Santuri zimepangwa ukutani juu ya chupa, kila moja na msumari wake katikati. Mke wangu aliitazama, akanipa simu, akatoka kwenda kuanua nguo. Aliporudi na beseni akauliza kama nimemjibu.

"Nijibu nini?"

"Mwambie ni pazuri. Na mwambie ninamsalimu."

Nikaandika kwamba ni pazuri. Kisha nikaandika: "Tunakusalimu."