Neno la Rika na Maji ya Kwetu

Nakumbuka jioni moja ya kiangazi, enzi za Mdachi, babu yako aliporudi kutoka kikao cha washili akakaa nje bila kuulizia chakula. Mwanangu, mwanamume wa Kimeru asipoulizia chakula, ujue kuna jambo. Mimi nilikuwa bado bibi arusi, sina hata mtoto wa kwanza, lakini ulimi ninao tangu kuzaliwa. Nikamuuliza kuna nini.

Ngoja kwanza nikueleze, maana ninyi mliokulia mjini Kaloleni mnajua maji ya bomba tu. Babu yako alikuwa mshili, msemaji wa rika lake. Vijana wa upande wetu huu wa Akheri ndio waliomchagua, kama watu wako walivyokuchagua wewe majuzi. Kila upande wa mlima ulikuwa na mshili wake, na washili wakishakubaliana, neno ni moja, hakuna wa kwenda kinyume. Usidhani msimamo huo ulikuwa ukaidi tu. Mwaka uliotangulia upande mmoja ulikataa kupeleka vijana kazini bomani Arusha. Askari wakaja wakachukua ng'ombe wao, wakachukua hata wa majirani waliotii. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo maana safari hii washili waliamua vijana wa pande zote washuke pamoja kubeba magogo ya boma, na asiyeshuka ametoka katika rika.

Neno zuri. Tatizo lilikuwa mfereji wetu. Banio lake, pale maji yanapokingwa kutoka mtoni huko juu msituni, lilikuwa limebomoka, maji yakarudi mtoni, na ulezi ndio kwanza ulikuwa unatoa masuke. Kwa desturi zetu za wakati ule mwanamke hagusi mfereji. Kukanyaga tu banio ni mwiko. Kazi ile ni ya vijana. Sasa vijana wakienda kukaa bomani, nani ataziba? Tungevuna majani.

"Mfereji utasubiri," babu yako akasema. "Neno la rika likishapita halirudi."

"Na ulezi nao umeambiwa usubiri?" nikamjibu.

Niliogopa, mwanangu, sikufichi. Njaa nilikuwa nimeiona nyumbani kwa mama yangu, naijua sura yake.

Baba yake, yaani mkwe wangu, alikuwa migombani akikata majani ya ng'ombe, na yote ameyasikia. Alikuwa mzee mpole, mtu wa kucheka. Hata ng'ombe wake alikuwa akiwatania. Akaja, akakaa, akamuuliza mwanawe, "Kule kikaoni ulisemaje juu ya mfereji?"

"Sikusema, baba. Niliogopa wataona nalivunja rika."

Jioni ile mzee hakucheka. "Basi usituambie umetii. Mtu hutii akishasema lake, likasikilizwa, likashindwa. Wewe umenyamaza tu. Vijana walikuchagua wewe uwe mdomo wao, ukaenda nao umefumbwa, ukarudi nao umefumbwa. Mficha uchi hazai."

Babu yako akaona haya. Akasema basi, vijana wa kwetu wabaki nyuma kimyakimya, wazibe banio. Mimi nilishaanza kufurahi, lakini mzee akatikisa kichwa. "Huo nao ni wizi. Mkijificha, askari watachukua ng'ombe wa nani?"

Akaenda uani, akachuma jani la isale, akalipiga fundo, akampa mwanawe. Kwetu anayekuja na isale mkononi hafukuzwi, hata akiwa adui, sharti asikilizwe. "Kesho alfajiri urudi kwa wenzako, useme mbele yao," akamwambia. "Wakikataa, utabeba magogo pamoja nao, na sisi tutalala njaa pamoja na wewe."

Akaenda. Walimkasirikia sana, na mmoja akamwambia wazi kwamba ni kigeugeu. Lakini isale ni isale, wakamsikiliza. Walipojua habari ya mfereji wakaamua hivi: kabla ya kushuka bomani, rika lote lipande kwanza. Mwanangu, jambo kama lile sijaliona tena. Vijana wa pande zote, hata wasiokunywa maji yale, walipita hapa wakiimba, wakaingia msituni, na jua lilipokuwa utosini tukasikia maji yanakuja. Wanawake tulipiga vigelegele mpaka makoo yakakauka.

Kisha wakashuka wote pamoja, wamechelewa siku nzima. Mdachi amefura kwa hasira. Mkalimani akauliza ni upande gani uliowachelewesha wenzao, mshili wake atoke apigwe viboko. Babu yako alikuwa ameshainua mguu. Yule yule aliyemwita kigeugeu akamshika nguo, akajibu, "Ni rika." Wa pili naye akasema, "Ni rika." Wakasema hivyo mmoja mmoja hadi wa mwisho.

Basi wakapigwa washili wote. Babu yako alirudi akalala kifudifudi, huku anacheka, ananiomba nimpake mafuta mgongoni, na mimi nalia na kucheka kwa pamoja. Ulezi ulikubali mwaka ule. Tulipopika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, mtungi wa kwanza nilimpelekea mwenyewe yule mshili mwenye maneno makali.

Sasa na wewe umechaguliwa. Chama chenu kina neno lake, na watu waliokutuma wana mfereji wao, na wapo watakaokuambia huwezi kushika vyote viwili. Usiwasikilize upesi. Ukiwa ndani ya kikao cha chama, sema ya kwenu, sema mpaka wenzako wakuchoke, maana mkataa kwao ni mtumwa. Likishaamuliwa, lishike, na urudi wewe mwenyewe kuwaambia watu wako, hata kama watakununia. Usitii kwa kunyamaza, wala usiasi kwa kujificha. Na mwenzenu akija na shida ya kwao, pandeni naye kwanza. Akiitwa mbele kuadhibiwa, msimwache atoke peke yake.

Haya, inama nikutemee mate ya baraka. Maji yasikauke kwako, wala kwa waliokutuma. Mungu akupe kinywa kisichoogopa, na mgongo mgumu kidogo, maana utauhitaji.