Alphonse na Picha ya Mapanga

Ukitaka kumjua Alphonse, usianzie kwenye kibanda alikolehemu milango ya chuma. Pale alitafuta ugali tu. Anzia kwenye kona ya muuza magazeti, komini ya Kenya, mtaa wa mji wetu hapa Katanga na si ile nchi, ambako kila asubuhi wanaume walisimama kubishana juu ya serikali kabla ya kwenda kazini. Kona hiyo waliiita parlement, yaani bunge, ingawa hakuna aliyechaguliwa wala aliyekuwa na kiti. Alphonse, mtoto wa mfanyakazi wa reli, Mkatoliki wa kaskazini mwa Katanga, ndiye aliyekuwa spika wao. Sheria ilikuwa moja: ukitaka kumpinga mtu, kwanza unampa mkono. Ukishampa, mrarue kwa maneno utakavyo.

Aliyeraruliwa kuliko wote ni Kakule, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, huko Mashariki, mwenye dipo, ghala la zana za kilimo, nyuma ya soko. Kakule naye hakuwa mtu wa kumezwa kirahisi.

"Papa Alphonse, leta mukono," alikuwa akisema. "Leo nitakuchoma."

Wanachomana, wanacheka, kila mtu anashika njia yake. Alphonse hakuwahi kumwambia, lakini alimpenda yule bwana kuliko wengi wa ukoo wake.

Halafu simu zikatuvuruga. Kila mtu akapata kundi lake la simu. Alphonse akaingizwa kwenye kundi la watoto halisi wa Katanga, mamia ya watu wanaokubaliana kuanzia kuamka hadi kulala, na nakuapia hakuna kinachopumbaza kama hicho. Kakule alikuwa kwenye kundi la watu wa kwao. Vita vya Mashariki vilipopamba moto, kila kundi lilihesabu maiti zake na kulaani wauaji wake, na hakuna aliyejua habari za mwenzake. Kwenye kona walianza kupigana maneno kuhusu mambo ambayo upande wa pili haujawahi kuyasikia. Wengine wakaacha kuja. Siku moja Mulenga, fundi wa baiskeli, akaficha mkono mfukoni Kakule alipomnyooshea wake.

"Siwezi kupa mukono muntu mwenye kutuletea vita," alisema.

Kakule akacheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Na Alphonse, spika mzima, akajifanya anasoma gazeti. Simwonei nikisema kwamba hapo ndipo alipoanza kukosea.

Kila mwaka kabla ya mvua, Kakule alikuwa akipokea mzigo wa majembe na mapanga kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Dada yake Alphonse, Annie, alikuwa akiyauza kule Kasomeno kwa watu wa mashamba. Basi mwaka huo pia Alphonse alikwenda dipo, akafungua katoni moja, akapiga picha mapanga mapya yaliyopangwa vizuri, akaituma kwenye kundi la familia ili Annie achague. Ndivyo walivyofanya siku zote. Lakini kwenye kundi hilo yumo binamu yao Floribert, na Floribert haoni picha akaiacha ilale. Akairusha kwenye kundi kubwa la Katanga.

Kesho yake, karibu na saa sita mchana, picha ikamrudia Alphonse mwenyewe, chini yake ikiwa na sauti ya mtu asiyemjua.

"Bandugu, muangalie. Bantu ya Mashariki beko banaficha silaha mu dépôt, hapa hapa mu Kenya. Banataka kutukata. Tusingoje!"

Pembeni ya picha kilionekana kiatu chake, kile chenye alama za cheche. Akaandika: "Ile photo ni miye njo niliipiga. Ni mapanga ya mashamba. Kila mwaka inafikaka."

Kwenye kona angepingwa, angezomewa, lakini angesikilizwa. Humu hapakuwa na zamu. Mmoja alimwita nyoka, kisha kiongozi wa kundi akamtoa. Mtu aliyegawa zamu za kusema miaka yote alifungwa mdomo kwa kidole cha mtu asiyemwona hata sura.

Akatupa vifaa vyake, akakimbia.

Alikuta barabara ya nyuma ya soko imejaa. Mlango wa dipo aliulehemu yeye mwenyewe, na ulikuwa mgumu. Walikuwa wakiugonga kwa nguzo huku matairi yakiwaka mbele yake. Moshi ulikaba koo. Alphonse akajipenyeza, akapanda juu ya ngazi ya dipo, akapaza sauti.

"Bantu ya kona, munanijua! Ni miye nilipiga ile photo! Ni miye!"

Jiwe likampata shavuni. Akamwona Mulenga katikati, ameshika nondo, na akili yake ikashika kitu kimoja tu ilichokijua. Akamnyooshea mkono.

"Mulenga, leta mukono. Unipinge. Lakini unipinge kwanza!"

Mulenga aliutazama ule mkono, kisha akaupiga kwa nondo. Mfupa ulivunjika kwa sauti ambayo Alphonse aliisikia kabla ya maumivu kufika. Alianguka, watu wakapita juu yake, na mlango ukakubali.

Waliyakuta mapanga, maana kweli yalikuwemo. Wakapasua katoni, wakayainua juu.

"Si munaona! Si tulisema!" walipiga kelele, na kila aliyesema hivyo alichukua lake.

Kakule alivutwa kwa miguu kutoka nyuma ya majembe, shati lake la kijani limepanda kifuani. Alikuwa bado anaongea, Mungu amrehemu, bado alidhani watu wanaongea.

"Muniulize! Muniulize kwanza!"

Panga la kwanza lilikata mkono aliouinua. La pili lilimpata usoni. Mapanga yalikuwa mapya, bado na mafuta ya kiwandani, makali kama yanavyotakiwa kuwa msimu wa kufyeka, na yalimkata yule mtu kwa urahisi wa kutisha. Damu ilifika mpaka pale Alphonse alipolala. Kakule alipoacha kulia, wao hawakuacha kukata. Na juu ya vichwa vyote kulikuwa na simu, zimeinuliwa, zinachukua video.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, jumuiya ya mtaa ilikutana kusali uani kwa Alphonse. Mke wake Albertine alipanga viti. Alphonse aliketi na plasta mkononi. Katikati ya meza, mbele ya msalaba, waliegemeza simu yenye picha ya maiti iliyozunguka kwenye makundi, wakawasha mshumaa. Uso ulikuwa umechanwachanwa, haukutambulika. Chini yake paliandikwa: mutoto wa Katanga, aliuliwa na bantu ya Mashariki.

Akina mama walilia machozi ya kweli. Alphonse akalitazama lile shati la kijani. Akasimama.

"Huyu ni Kakule," alisema. "Ni siye njo tulimuua."

Hakuna aliyegeuka. Albertine akamvuta kwa shati, macho yamemlowa.

"Ikala, Alphonse. Usilete politique mu maombi."

Akaketi. Papa Léonard, kiongozi wa sala, akainua mikono.

"Mungu Baba, bale bote baliua huyu mutoto wetu, na bale balibasaidia, bakufe vile alikufa!"

"Amina," walijibu wote, Floribert akiwa na rozari, Mulenga akiwa amepiga magoti.

Alphonse aliwatazama mmoja mmoja. Alijua nani alishika nini siku ile, na alijua picha ya mapanga ilitoka kwenye simu yake mwenyewe. Wenzake walipokwisha kunyamaza, yeye akaitika peke yake, kwa sauti iliyojaza ua mzima.

"Amina."