Kufuli la Sanduku la Samaki

Mwaka ule mdogo wangu alipoanza kugombana na watu ambao sisi hatukuwaona, mimi nilikuwa kiongozi wa kikundi cha sala mtaani kwetu. Alikuwa akiuza samaki wakavu wa kutoka Pweto, kule ziwani, mwanamke mwenye kicheko kikubwa. Ghafla akaacha kulala, akawa anamwaga samaki barabarani akisema wanamsengenya.

Tulimpeleka kwenye nyumba ya maombi. Tukamfunga mguu kwa mnyororo kwenye nguzo, tukamnyima chakula tukisema ni mfungo, kwa maana tuliamini pepo huchoka mwili unapochoka. Ufunguo wa kufuli niliuweka mimi, kwenye pete moja na ule wa kanisa. Kwetu kaka mkubwa huitwa yaya. Alipolia, "Yaya, unifungulie, mi niko mudogo yako," nilimjibu kwa zaburi. Nilidhani huo ndio upendo.

Siku ya kumi na mbili muuguzi mmoja wa parokia yetu aliingia, akainama, akatazama kifundo cha mguu. Kidonda kilikuwa kimeanza kuoza.

"Papa, Mungu anasikia hata mutu mwenye alikula," akaniambia. "Huyu iko mugonjwa. Mumupeleke ku hospitali."

Tulimpeleka siku hiyo hiyo, lakini nilikuwa bado sijajifunza: nilichukua wanaume wanne na kamba. Karatasi ya kumlaza nilitia sahihi mimi, yeye hakuulizwa. Baba yetu, mtu wa reli, alikuwa akisimulia kwamba zamani mfanyakazi akichanganyikiwa kambini alipandishwa treni na kurudishwa kwao, bila kuulizwa neno. Nilimkumbuka baba nikiwa nimeshika kalamu. Kalamu haikusimama.

Sindano zilimsaidia, hilo siwezi kulikana. Baada ya majuma kadhaa akili ilimrudia. Katika hospitali zetu ndugu ndiye anayempikia mgonjwa, basi nikasonga bukari, ugali wetu, mimi mwenyewe pale uani, mzee mzima wa kanisa na mwiko wake. Akina mama walinicheka: "Papa, ile ni bukari ao ni simenti?" Mdogo wangu hakucheka. Alipokea chakula kwa kila mtu ila kwangu.

Siku ya kutoka aliniomba lile kufuli. Nikampa pamoja na ufunguo. Akalitia kwenye sanduku lake la samaki. Kisha akamwomba daktari aandike maneno yake: "Ugonjwa ikirudia, yaya akuje peke yake. Hakuna kamba. Aniulize. Nikikatala, arudie kesho." Daktari aliongeza, kwa ruhusa yake, la kufanya kama uhai wake ungekuwa hatarini. Tukatia sahihi sote watatu, yeye wa kwanza.

Miaka ilipita, namshukuru Mungu, kwa amani. Mwezi uliopita, baada ya Misa, jirani yake alinijia: samaki wako tena barabarani. Wanaume wa kikundi wakainuka kunifuata. Niliwaambia wabaki wasali.

"Ulikuja na bantu ngapi?" akauliza nyuma ya mlango.

"Niko mi peke. Twende ku hospitali?"

"Hapana. Rudia kesho."

Jirani akabaki naye, mimi nikarudi nyumbani. Nimefunga Kwaresima nyingi, lakini hakuna njaa iliyonishinda kama kungoja kule. Kesho yake jibu lilikuwa lile lile. Nikarudi tena nyumbani.

Siku ya tatu nilikuta mlango wazi. Alikuwa ameketi, macho mekundu, nguo zake zimefungwa katika kitenge.

"Ulijifunza kupika bukari?"

"Kidogo."

"Basi kule tutakufa na njaa."

Akaokota samaki waliobaki, akafunga sanduku, akalivuta kufuli mara mbili. Kisha akaninyooshea ufunguo.

"Shika, yaya. Lakini usiuweke na ule wa kanisa."

Nikautia mfukoni mwa shati, peke yake. Tukaenda kwa miguu, yeye mbele, mimi nikimbebea kitenge.