Madoa Yaliyochelewa

Bernardine alitoka Uvira akiamini kwamba mbwa hulala nje. Sasa, katika nyumba yake ya Fridley, Marekani, Almasi analala jikoni: mbwa jike wa aina ya spanieli, mwenye madoa meusi yaliyomwagika juu ya weupe kama manyoya ya kanga. Almasi aliposhika mimba, Bernardine aliwatangazia wanakwaya wenzake, "Watoto wote watakuwa kanga."

Wakazaliwa weupe, wenye mabaka meusi masikioni na mgongoni tu.

"Mama Uwineza," mumewe Anicet alicheka, "kanga wako ameangua bata!"

Mugabo, mwanakwaya aliyeahidiwa mtoto wa kwanza, alikuja kuona, akatikisa kichwa. "Dada, mimi niliomba wa madoa. Huyu si wangu."

"Subiri manyoya yakue," Bernardine alimjibu. "Baba yao alipimwa vinasaba. Madoa aliyarithi kwa baba yake na kwa mama yake pia, kwa hiyo hana mtoto wa kumnyima. Wa aina hii huzaliwa weupe, madoa huja baadaye."

"Na yasipokuja?"

"Kwaya nzima initungie wimbo wa kunicheka."

Kila asubuhi aliwageuza chali mmoja mmoja. Baada ya wiki chache nyayo za waridi zikaanza kuwa nyeusi, kisha vinukta vikachomoza miguuni na usoni, hadi weupe wote ukajaa madoa. Mugabo aliitwa, akafika na blanketi, akaomba achague.

"Wako nimeshakuchagulia," Bernardine alisema, kifua mbele, akamwekea mikononi yule yule aliyemkataa. "Haya, mtazame sasa."