Msimu Niliokuwa Mkono wa Kaka

Juzi niliingia duka la pembejeo hapa Masasi mjini kununua mbegu za mbaazi, nikamkuta muuzaji anafungua mfuko wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Nikapiga chafya tatu mfululizo, halafu nikacheka peke yangu mpaka akaniuliza, "Mama, uko salama?" Nilikuwa salama. Ila harufu ile, kali kama kiberiti kilichowashiwa puani, huwa inanibeba mzimamzima na kunitua Kitangari, mwaka niliokuwa na miaka minane na kaka yangu Hashimu kumi na mitatu.

Niwaambie jambo ambalo mama hakuwahi kulisikia kinywani mwangu. Ajali ile niliianzisha mimi. Tulitumwa mashineni kusaga makopa ya muhogo, na wakati tukisubiri zamu nikawa narusha kandambili yangu juu kwa mguu na kuidaka. Nilijiona fundi. Mara ya mwisho sikuidaka. Ikaangukia nyuma ya mashine, karibu na mkanda, na Hashimu akainama kunichukulia. Mkanda ukamnasa mkono wa kulia. Hapo nisiwachoshe, aliyewahi kuona mkanda wa mashine ukikimbia anajua.

Alikimbizwa kwa pikapu mpaka hospitali ya misheni, Ndanda. Baba alikuwa shambani anapulizia mikorosho salfa. Taarifa ilipomfikia alitupa bomba chini akaondoka vilevile, unga wa njano umemganda kuanzia nywele mpaka kucha. Alipoingia wodini muuguzi alimshika bega akamwambia, "Pole mzee, kaa hapa, daktari anakuja." Alidhani ndiye mgonjwa! Hashimu alicheka pale kitandani, na mama husema ndipo alipojua mwanawe hafi. Mkono lakini haukuokoka. Waliukata chini ya kiwiko.

Hashimu aliporudi nyumbani, baba alimuuliza mbele ya majirani ilikuwaje. Hashimu akasema, "Niliteleza, baba," akaendelea kunywa uji. Basi. Wala hakunigeukia. Afadhali angesema nichapwe, yakaisha. Kila asubuhi nilikuwa naamka nikijiambia leo ndiyo leo, leo atasema.

Sasa, mimi na yeye tulikuwa tunakula sahani moja. Na kwetu kulia mkono wa kushoto ni kukosa adabu. Mama alishatupiga vidole tukiwa wadogo kwa kosa hilo. Leo mwanawe hana mwingine. Tonge la kwanza lilimponyoka, likatumbukia kwenye kisamvu, mboga ikamrukia shati zima. Akautazama mkono wake akasema, "Huyu wa kushoto hakupelekwa shule." Nyumba nzima ikacheka, hata baba. Mimi nikalirudisha tonge langu kwenye sahani. Nikasema nimeshiba. Kesho yake nikashiba tena, na keshokutwa. Mama alisema ni minyoo, akaninywesha mwarobaini mpaka nikawa naota uchungu wake. Minyoo gani! Hatia haina dawa ya mti.

Korosho zikaanza kudondoka. Kwetu korosho haichumwi, unaisubiri ianguke na bibo lake, lile tunda la maji inaloning'inia. Unaokota, unashika bibo kwa mkono mmoja, kwa mwingine unaikonyoa korosho itoke safi, maana ikibaki na nyama inaozea ghalani, na baba kwa hilo hakuwa na masihara. Ni kazi ya mikono miwili. Hashimu akanivuta pembeni. "Somoe, mimi nitashika bibo, wewe konyoa. Peke yangu siwezi."

Jamani, nilifurahi! Nikaona Mungu kanifungulia mlango wa kulipa deni langu. Tulikaa chini tumeelekeana, ndoo katikati: anashika, nakonyoa, anatupa bibo, anashika jingine. Maji ya mabibo yalituchafua nguo mpaka mama akatutengea za shamba tu. Majirani wakatuita Mtu na Nusu, nasi tukawa tunagombana nani mtu na nani nusu. Jua likipanda, mama alileta ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, na Hashimu ananihimiza, "Kula upesi, mkono wangu, kazi inatusubiri." Nakula. Sikujua hata kwamba nakula.

Siku moja nikachelewa kurudi kutoka shule. Nikakatiza mashambani nimfikie haraka, na kabla hajaniona nikamwona. Kaka yangu ameketi, bibo amelibana kwa nyayo zake mbili, mkono wa kushoto unakonyoa tak, tak, tak. Ndoo inakaribia kujaa. Alikuwa mwepesi kuliko sisi wawili!

Nilipandwa na hasira zisizo na mfano. Kumbe ananitumikisha! Nikatimua mbio mpaka nyumbani. "Mama! Kaka mwongo! Anaweza mwenyewe!"

Mama alikuwa anachekecha unga. Hakusimamisha hata chekeche. "Najua. Tangu wiki ya kwanza."

"Sasa mbona ananidanganya?"

"Kamuulize mwenyewe. Mimi simo."

Nikarudi nimevimba, nikasimama mbele yake mikono kiunoni. "Kwa nini ulisema huwezi?"

Hakuona haya hata kidogo. Alijifuta nyayo kwenye majani, akasema, "Ulikuwa huli, Somoe. Tunakula sahani moja. Nilikuwa naona upande wako haupungui." Halafu akaokota bibo, akaninyooshea. "Haya, kaa. Konyoa."

Nikakaa, bado nimenuna, nikakonyoa. Siku ile nilichoelewa ni kwamba nimepewa kazi ya bure, na nilimkumbusha udhia huo kwa miaka.

Mwaka huu mwanangu wa kwanza ametimiza miaka kumi na mitatu. Mtoto mzuri, lakini mpaka umwambie mara tatu ndipo afunge banda la kuku. Majuzi nilimtazama anavyokula, akili yake yote imo kwenye ugali wake, kama inavyomstahili mtoto, na machozi yakanitoka hapo hapo mezani. Nilimkumbuka Hashimu: mtoto wa umri huo, kidonda hakijakauka, yuko mbele ya chakula ambacho hawezi hata kukishika, na macho yake yako upande wangu wa sahani.